Nguvu na Ustahimilivu katika Hadithi za Mashujaa wa Marekani

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyewapita wenzake, wala maneno hayo si sawa kwa maana. Shujaa, neno lililotoka Kiarabu, ni mtu asiyeipa hatari kisogo. Hodari aweza kuwa mpiganaji, lakini aweza pia kuwa mkulima au fundi, kwani husemwa kwamba fulani ni hodari wa kulima na fulani ni hodari wa kushona. Jabari asili yake ni sifa ya Mwenyezi Mungu, na binadamu akiitwa kwa jina hilo hapakosi kuwa na hofu kidogo kwa yule anayemwita. Jitu nalo limetokana na mtu kwa kukuzwa, na kila ajuaye Kiswahili anaelewa kwamba kukuza kwa namna hiyo aghalabu huleta na dharau. Basi mfasiri atakaye kuwaeleza Waswahili habari za wale watu wa hadithi za picha za Marekani, warukao juu ya majumba na kuinua magari kwa mikono yao, hana budi kuchagua moja katika maneno haya, na akisha kuchagua amekwisha hukumu.

Hukumu ya kawaida yajulikana. Watu wengi wenye elimu huziona hadithi hizo kuwa ni ibada ya nguvu, na tena ibada ya kitoto. Mnamo 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa huko Marekani kitabu kizima cha kuzishutumu kwamba zaharibu vijana, na mwaka huo huo wachapaji wakajiwekea kanuni kali za kuzichuja. Shutuma hizo hazikuwa bure kabisa, maana mengi yaliyochapwa yalikuwa takataka. Walakini wenye kushutumu walizitazama nguvu tu. Hawakuuliza nguvu hizo zafanya kazi gani katika hadithi, wala kwa nini mtungaji, baada ya kumpa mtu wake nguvu zisizo na mpaka, hutumia kurasa nyingi sana kumtafutia pingu.

Katika matumizi ya Kiswahili, nguvu ni kitu alicho nacho mtu: ana nguvu, amepewa nguvu, ameishiwa na nguvu. Ushujaa hauendi hivyo. Mtu ni shujaa au si shujaa, na hakuna asemaye kwamba fulani ameishiwa na ushujaa kama aishiwavyo na unga. Tofauti hii ndogo ya lugha ndiyo ufunguo wa hadithi zenyewe. Watu wa hadithi za picha wamepewa nguvu zao bure. Mmoja alizaliwa nazo, mwingine aliumwa na mdudu, wa tatu alidungwa dawa. Kitu cha bure hakithibitishi tabia ya mtu, na kwa hiyo ushujaa wao, ikiwa upo, hauna budi kutafutwa mahali pasipofika nguvu hizo.

Wa kwanza katika hao, na baba yao wote, ni Superman. Neno lenyewe lilitangulia hadithi. George Bernard Shaw alilitia katika jina la mchezo wake wa 1903, akilifuata neno la mwanafalsafa wa Kijerumani Friedrich Nietzsche. Vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili wazaliwa wa 1914 na wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, walilichukua neno hilo mnamo 1933 wakalitungia hadithi fupi katika kijigazeti chao wenyewe. Katika hadithi hiyo ya kwanza mwenye nguvu si mwema hata kidogo. Ni maskini mmoja aliyeokotwa katika safu ya watu wangojao mkate wa sadaka. Mtaalamu mmoja akamnywesha dawa, maskini akapata uwezo wa ajabu wa akili, akaanza kuwatesa watu, na mwishoni nguvu zikamtoka akarudi katika safu ile ile ya kungojea mkate. Mtu huyo kwa Kiswahili angeitwa jitu, na hapana mfasiri angesita. Jambo la kukumbukwa ni kwamba mawazo ya kwanza ya watungaji hawa, katika miaka ile ya dhiki kubwa na ukosefu wa kazi, yaliiona nguvu ya ghafula kuwa ni balaa.

Miaka mitano baadaye, katika toleo la kwanza la gazeti la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, Superman alitokea tena akiwa amegeuka. Sasa ametoka katika sayari iliyokwisha angamia, na nguvu zake zaelezwa kwa mifano ya viumbe vidogo: sisimizi abebaye mzigo uliomzidi uzito mara nyingi, na panzi arukaye mbali kuliko kimo chake. Hajui kuruka angani bado, ila huruka kama panzi huyo. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa pasipo hatia, anamkamata mume ampigaye mkewe, anamtisha mtu aliyemnunua mbunge. Katika toleo la tatu anamshusha tajiri mwenye machimbo chini ya ardhi pamoja na wageni wake, wakafungiwa humo, hata tajiri akaona kwa macho yake hatari wanayofanyia kazi watu wake. Huyu si mlinzi wa matajiri. Ni mtetezi wa wanyonge, kama walivyotaka vijana wawili wa Cleveland.

Lakini ustahimilivu u wapi? Hauko katika kuinua gari, kwa sababu gari halimlemei. Uko katika ukurasa ambao wasomaji wengi huupita mbio. Superman ana jina jingine, Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mvaa miwani, mnyenyekevu kupita kiasi. Katika hadithi hiyo ya 1938 anamchukua mwenzake Lois Lane kwenda kucheza dansi, akaja jambazi mmoja kumtaka bibi huyo kwa nguvu. Clark anajifanya mwoga, anamsihi tu bibi atii. Lois anampiga jambazi kofi mwenyewe, kisha anamwambia Clark wazi kwamba kwa woga wake amemchoka. Mtu awezaye kuinua gari anaketi akimeza matusi ya mwanamke ampendaye. Hapo ndipo mahali pa kwanza katika hadithi nzima ambapo anabeba kitu kizito.

Kiswahili kina kitenzi kiufaacho mwenendo huo, nacho ni kuvumilia, yaani kuishi na jambo ambalo halijaondoka. Hata hivyo yapasa kuongeza kwamba uvumilivu wa Clark ni wa kujitakia. Aweza kuukomesha wakati wowote kwa kuivua miwani. Maskini wa kweli hana shati la pili chini ya shati lake. Pengine hii ndiyo siri ya mapenzi makubwa ambayo wasomaji wa 1938 walimpa, maana karani aliyedharauliwa na bwana wake aliweza kujiambia kwamba chini ya koti lake mna mtu mwingine. Faraja hiyo haina kosa, ila ni faraja, si mfano wa kuigwa, na mhakiki afanya vizuri akivitenga viwili hivi.

Umberto Eco, mtaalamu wa Italia, aliandika mnamo 1962 makala ambayo hata leo haijapitwa katika habari hizi. Aliona kwamba Superman, awezaye kugeuza milima na kumaliza njaa ya ulimwengu, huishia kukamata wezi wa mabenki katika mji mmoja, na aliona pia kwamba wakati haumpiti, kwa kuwa kila hadithi huanza kana kwamba ya jana haikuwapo. Hoja ya kwanza ni kweli kwa Superman wa miaka ya baadaye kuliko yule wa machimbo ya 1938. Hoja ya pili ni nzito zaidi, na itarudiwa hapa chini. Hapa yatosha kusema kwamba watungaji wenyewe walihisi upungufu. Mnamo 1943 mchezo wa redio ulimletea Superman jiwe la kumdhoofisha, kryptonite, kipande cha sayari yake mwenyewe. Mtu asiyeshindwa alikuwa amewachosha wasikilizaji, ikabidi atafutiwe kitovu.

Neno hilo la kitovu limetumika kwa makusudi, maana hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asomaye habari za jiwe hilo asimkumbuke Liyongo. Lakini kabla ya kufika kwake ni lazima kutazama hadithi moja nyingine ya Marekani, ambayo ndani yake ustahimilivu umechorwa kuliko popote.

Agosti 1962 Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimtoa Spider-Man. Ni mwanafunzi yatima, Peter Parker, alelewaye na ami yake Ben na mkewe May katika mtaa wa Queens mjini New York. Anaumwa na buibui mwenye sumu ya mionzi, anapata nguvu, na jambo la kwanza alifanyalo ni kuzitumia kutafuta fedha na sifa. Mwizi anapita mbele yake naye hajishughulishi kumzuia, akiona hayamhusu. Baadaye mwizi huyo huyo anamwua Ben. Basi mtu huyu hakuanza kwa ushujaa, alianza kwa kosa, na yote afanyayo tangu siku hiyo ni kama mwenye deni alipaye kidogo kidogo bila kuuona mwisho wa deni. Hana fedha ya kodi, mkuu wa gazeti analomwuzia picha humtangaza kuwa ni mhalifu, na watu anaowaokoa humwogopa.

Katika toleo la 33 la gazeti lake, lenye tarehe ya Februari 1966, Peter yumo ndani ya maficho ya adui chini ya maji. Mashine kubwa ya chuma imemwangukia, dari yavuja, maji yaongezeka. Chupa ya dawa ambayo peke yake yaweza kumponya May iko mbele yake, hatua chache tu, wala mkono wake haufiki. Nguvu zake alizopewa na buibui hazitoshi. Ditko, ambaye wakati huo alikuwa ndiye apangaye kisa pamoja na kukichora, hakuharakisha. Ukurasa baada ya ukurasa aonyesha mtu aliyelala chini ya chuma: anajaribu, anashindwa, anakata tamaa, anawakumbuka wazee wake wawili, anajaribu tena. Picha zaanza zikiwa ndogo na zilizobanana, kisha zapanuka kadiri mzigo uinukavyo, hata moja yaujaza ukurasa mzima, na humo mtu amesimama, chuma kimetupwa, maji yamwagika pande zote. Hapigwi mtu hata mmoja katika kurasa hizo. Ni kazi bora ya sanaa, na yeyote adhaniye kwamba hadithi za picha haziwezi kusema jambo zito na azitazame kurasa hizo.

Kitenzi kifaacho hapa si kuvumilia tena, ni kustahimili. Chanzo chake katika Kiarabu ni lile shina la kuchukua mzigo lililowapa Waswahili himili na pia hamali, mpagazi wa bandarini. Mstahimilivu kwa asili ya neno ni mtu aliye chini ya mzigo. Ditko hakujua Kiswahili wala hakuhitaji kukijua, lakini alichokichora ni neno hilo hasa. Peter kwanza ni hamali aliyelemewa, kisha ajikaza, yaani kwa kulifuata neno lilivyo, ajifunga mwenyewe kama mtu afungaye kamba iliyolegea. Methali yasema mvumilivu hula mbivu. Peter hali kitu. Dawa inafika, May anapona, naye arudi na majeraha yake kwa kibibi asiyejua kwamba kuna mtu aliyembeba. Ustahimilivu wa hadithi hii hauahidi tunda, na hapo umewazidi kwa ukweli wahubiri wengi wa ustahimilivu.

Sasa na aje Liyongo. Habari zake zilichapwa na Edward Steere katika kitabu chake cha 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mnamo 1913. Yeye naye ana nguvu za kupita wanadamu, naye hana aliyemfundisha nguvu hizo. Hakuna chuma kimdhuruo ila kitu kimoja, sindano ya shaba kitovuni. Kwa kutazama juu juu, yeye na Superman ni ndugu. Lakini litazame tendo lake kubwa kuliko yote, kutoka gerezani. Amefungwa kwa minyororo na kuhukumiwa kufa. Nguvu zake haziikati minyororo hiyo. Anatunga wimbo, wimbo unapita masikioni mwa walinzi wasiuelewe, na kijakazi Saada anaupeleka kwa mama yake. Mama anaelewa. Anapika mikate mizuri na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anatia tupa. Walinzi wanakula mizuri kwa ulafi wao, wanamwachia mfungwa ule wa makapi. Usiku ule Liyongo anaomba achezewe gungu mara ya mwisho, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Katika kisa hiki ustahimilivu umegawanywa kwa watu watatu, na aliye mwenye nguvu ndiye mwenye sehemu iliyo ndogo pengine kuliko wote. Saada ndiye anayekwenda na kurudi kila siku akitukanwa mlangoni. Mama ndiye aliyejua ulafi wa walinzi na kuufanya kuwa silaha. Tena chombo kilichomwokoa shujaa kilifichwa katika chakula cha kumdharau. Kulinganisha na Marekani hapa kwafunua jambo ambalo msomaji wa huko huenda asilione, kwa kuwa amelizoea: shujaa wao hustahimili peke yake na kwa siri. Lois haambiwi. May haambiwi, naye hubebwa tu kama chupa ya dawa. Siri hiyo husemwa kwamba ni ya kuwalinda wapendwa, na kwa kweli hadithi zaitumia hivyo. Lakini inawanyima wapendwa hao nafasi ya kufanya alilolifanya mama wa Liyongo. Jamii imsifuyo mtu ajisimamiaye mwenyewe huweka upweke huo ndani ya mashujaa wake pasipo kujua, na huuita adabu.

Isidhaniwe kwa hiyo kwamba hadithi ya Liyongo ni safi kuliko hizo nyingine. Anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi za sultani wa Pate. Kijana anamwuliza baba kitu kiwezacho kumwua, na baba, ingawa amekwisha kumshuku, anamwambia. Kinyume cha Superman, ambaye udhaifu wake ni jiwe tu lililoanguka kutoka mbinguni, udhaifu wa Liyongo ulikuwa siri iliyotolewa kwa mapenzi, na sindano ilipita pale pale palipokuwa na kamba ya mama. Akisha kuchomwa alichukua upinde wake akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, wasithubutu kuteka maji, mpaka siku zikapita na maiti ikaanguka. Hapa mwili wenyewe umestahimili baada ya mwenye mwili kuondoka. Lakini waliokosa maji hawakuwa maadui peke yao.

Kifo hicho ndicho kinachokosekana Marekani, na ndipo hoja ya pili ya Eco inaporudi. Ustahimilivu hupimwa kwa mwisho wake. Liyongo alikuwa na siku ya mwisho, kwa hiyo twajua alistahimili kiasi gani. Shujaa wa gazeti litokalo kila mwezi hawezi kupewa siku hiyo, maana mwezi ujao gazeti litatoka. Peter aliinua chuma mwaka 1966, na tangu hapo hajaruhusiwa kupumzika wala kuzeeka kama watu wazeekavyo. Mzigo ukiisha hutafutwa mwingine. Lililokuwa fadhila kwa mtu lageuka kuwa kanuni ya biashara, na msomaji hana budi kuwa macho asije akadhani kwamba kutokoma ni sawa na kustahimili. Kwa kadiri hiyo, neno shujaa lamfaa Peter wa kurasa zile chache za 1966. Kwa Superman lamfaa pale mezani, akitukanwa. Mahali pengine kwingi mfasiri atasema mwenye nguvu, na hatakuwa amekosa.

Watungaji wa Superman wenyewe hawakupewa nguvu yoyote. Walikuwa wamekataliwa na wachapaji kwa miaka kadhaa walipoiuza hadithi yao mnamo 1938, na kwa malipo ya dola 130 wakatoa pamoja nayo haki zote za mtu waliyemwumba. Mwaka 1947 walishtaki, hawakuzirudisha haki hizo, na majina yao yakaondolewa katika kurasa. Siegel alifika kufanya kazi ya karani. Shuster, aliyekuwa na macho mabovu tangu ujana, alikaribia kuwa kipofu. Mnamo 1975, baada ya malalamiko yao kutangazwa katika magazeti, wenye mali walikubali kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya hadithi. Shuster alifariki Julai 1992. Novemba ya mwaka huo lilitoka toleo ambalo ndani yake Superman anauawa, likanunuliwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata akafufuliwa.